Bia Jumamosi, Historia Jumapili

Fursa ilimkuta Marashi akiwa hana suruali.

Suruali yenyewe ilikuwa upande wa pili wa pazia, mikononi mwa fundi, ikibadilishwa zipu. Mwenyewe alisimama kwenye kichumba cha kujaribia nguo cha kiwanda kidogo cha kushona sare, amevaa koti, tai, viatu vinavyong'aa na chupi, akisubiri. Mtu wa kawaida akiwa katika hali hiyo huomba Mungu pazia lisipeperuke. Marashi yeye alitega sikio, kwa sababu aliamini kwamba watu husema ukweli wao wote mbele ya mtu wasiyemwona.

Aliitwa Marashi kwa kuwa harufu yake ilifika kabla yake na kubaki baada ya yeye kutoweka, na mara nyingi ndicho kitu pekee alichowaachia wateja. Aliwahi kuuza viwanja vya watu, tiketi za tamasha lisilo na mwimbaji, na siku moja, ambayo bado aliikumbuka kwa fahari, bima ya miavuli. Lakini siku hizi mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Koti lilibaki moja, suruali moja, na suruali hiyo, kama tulivyoona, ilikuwa na matatizo yake.

Nje ya pazia watu walikuwa wanagombana.

"Kila mwaka wimbo ni huohuo," ilisema sauti nene ya mwanamke. "Tunachanga, tunachanga, kopo linajaa, halafu likizo inaisha tumekaa hapahapa tunatazamana. Mimi nasema twende kiwanda cha bia. Nimewashonea sare wale watu mpaka vidole vimekuwa sugu, na mimi nataka kuona wanafanya nini wakishazivaa."

"Na mimi nasema mji wa kale," ilijibu sauti ya mzee, taratibu, ila haikurudi nyuma. "Bia ipo hapo kona. Hebu nionyeshe kuta za kale ziko wapi hapo kona."

"Kuta! Mzee wangu, mtu achange mwaka mzima aende kupiga picha na ukuta?"

"Na mtu achange mwaka mzima aende kulewa mbali, wakati angeweza kulewa karibu akarudi kwa miguu?"

Cherehani zilikuwa zimenyamaza zote. Kwa miguno iliyotoka kila upande, Marashi alielewa kwamba kiwanda kimepasuka katikati: hawa bia, hawa historia, na kopo la akiba limekaa kati yao halijui liende na nani. Kopo la namna hiyo aliliona ni yatima, na yeye alikuwa mtu mwenye huruma sana na mayatima wa aina hiyo.

Akatoa kichwa nje ya pazia, kichwa peke yake.

"Samahanini, ndugu zangu. Nani aliwaambia ni lazima mchague?"

Wote wakageuka.

"Kuna mji," Marashi aliendelea, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwenye viwanja na bima. "Mji mkongwe, kuta nene namna hii. Na ndani ya mji huohuo, kiwanda cha bia. Jumamosi mnaonja bia, mnalala, Jumapili mnaamka kwenye historia. Kazi yangu ni kupeleka watu huko. Sikutaka kuingilia, ila nimesikia mnateseka bure na dawa nimesimama nayo hapa nyuma ya pazia."

Mwanamke mwenye sauti nene alimtazama kuanzia nywele hadi pale pazia lilipoanzia. Huyu alikuwa Mama Vifungo, msimamizi wa cherehani na mlinzi wa kopo, mama mpana aliyeweza kuongea huku amebana pini nne mdomoni bila hata moja kuanguka.

"Mpeni mtu wa safari suruali yake," alisema. "Asije akasafiri hivyo."

Walicheka, na Marashi alicheka kuliko wote. Anayekucheka amekwisha kukuzoea, na aliyekuzoea ni rahisi kumvisha kilemba cha ukoka. Alipotoka amevaa kamili, walimpa kiti, na huo ulikuwa ushindi wa kwanza.

Yule mzee alisogea hadi karibu kabisa, akamtazama usoni kama mtu anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Walimwita Mzee Pima. Alikuwa mkata vitambaa, na futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake hata wakati wa kula. Maishani amekata sare za walinzi, wauguzi na watoto wa shule wasiohesabika, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupita kituo cha mwisho cha basi. Alichokijua kuhusu dunia alikipata vitabuni, na sasa hata vitabu alivisoma kwa lenzi, herufi moja moja.

"Mwanangu," alisema, "mji huo ni wa kale kweli? Maana macho yangu haya yameanza kuniaga. Daktari anasema ukungu utaongezeka. Nataka kuona kitu kimoja kikubwa kabla pazia halijafungwa. Nikikikosa mwaka huu, basi tena."

Kitu kilimchoma Marashi kidogo chini ya tai. Akailegeza tai, kikapita.

"Mzee, ni wa kale hadi unaogopa kupiga chafya."

Kisha, kwa kuwa wale wa upande wa bia bado walikuwa wamekunja mikono, akawarushia ndoano yenye chambo. Kiwanda kile cha bia, alisema, kila mwezi hukuta chupa ambazo lebo zake zimekaa upande. Bia ni ileile, nzuri, ila lebo imepinda, haiwezi kwenda dukani. Sasa wafanye nini? Wanawapa wageni. Kila mgeni anatoka na kreti mbili, bure.

Hapo aliwashika pabaya. Mafundi wale walijua habari ya bidhaa iliyopinda kuliko mtu yeyote. Kola ikikaa upande, sare haiendi kwa mteja, inakwenda nyumbani kwa fundi, na mtaa mzima ulikuwa na watoto ambao kola zao zilitazama jirani. Kwao jambo lile liliingia akilini kabisa. Mikono ikakunjuka. Hata wapenzi wa historia wakaanza kuulizana nani ana mkokoteni.

"Sasa," alisema Marashi, akisugua viganja, "kwa ajili ya kuwahi nafasi, nadhani kopo..."

"Polepole, baba," alisema Mama Vifungo, akitoa pini mdomoni moja moja. Alipotoa pini, wafanyakazi walijua mambo yamekuwa mazito. "Hapa hatukati kitambaa kabla ya kupima mwilini."

"Safari nayo ina mwili, mama?"

"Kila kitu kina mwili."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, na walikuwa na sababu. Oda ikija, hata iwe ya watu mia, nguo ya kwanza hushikizwa kwa nyuzi za kulegea, inavalishwa mtu, anaambiwa atembee, ainame, anyanyue mikono. Ikimkaa ndipo mkasi unaingia kwenye jora. Siku moja tu waliruka hatua hiyo kwa haraka za mteja, na walinzi wa benki moja wakakaa mwaka mzima hawawezi kunyanyua mikono juu ya mabega. Kwa bahati mbaya, kazi ya walinzi ni kunyanyua mikono pale majambazi wanapowaamuru. Mama Vifungo hakutaka kuieleza zaidi habari hiyo.

"Mimi na Mzee Pima tutakwenda kuipima safari yako," alisema. "Ikitukaa, kopo ni lako. Isipotukaa, tumepoteza nauli ya watu wawili. Jumamosi hii."

"Jumamosi hii," alisema Marashi, na tabasamu lake halikuyumba, ingawa lilikuwa na kila sababu.

Maana, msomaji, usisahau: mji haukuwepo.

*

Haukuwepo, lakini kulikuwa na mahali ambapo Marashi aliwahi kujificha baada ya ile habari ya bima ya miavuli, mvua iliponyesha ghafla na wateja wote wakaja siku moja. Kilikuwa kimji kidogo ambapo treni iliacha kusimama zamani. Nyumba za mawe nusu zimeezekwa, nusu zinaota majani dirishani. Bomba refu la moshi lilisimama peke yake, halitoi moshi. Watu walikaa kwenye vizingiti na kutazama barabara, wakisubiri kitu ambacho hata wenyewe walishakisahau.

Aliyekaa kizingitini kuliko wote alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye kicheko cha kisichana, nao walimwita Bibi Kizingiti. Siku Marashi alipojificha, ndiye aliyemwonyesha chumba kitupu cha kulala bila kuuliza anamkimbia nani. Marashi alimkuta palepale alipomwacha.

"Bibi, nataka uniazime mji kwa siku moja."

"Chukua," alisema Bibi. "Sisi tumeshaushindwa."

Alimweleza yote, au yote yanayoelezeka. Wageni wawili. Mmoja anataka kuona bia ikipikwa, mwingine anataka kuta zenye maneno. Bibi alisikiliza amefumba macho. Kisha akamwongoza hadi chini ya lile bomba la moshi, akasukuma mlango. Ndani kulikuwa na sufuria la shaba kubwa kama chumba cha mpangaji, likiwa limesuguliwa likang'aa. Pale palikuwa kiwanda cha bia kweli, zamani. Wenye kiwanda waliondoka na mashine, sufuria likawashinda kupita mlangoni, wakaliacha. Bibi alikuwa mfagizi wao. Aliendelea kufagia, na baada ya muda, kwa kuwa sufuria lipo na shayiri haiko mbali, akaendelea kupika, pipa moja moja, kwa ajili ya majirani na misiba.

Marashi hakuionja bia hiyo. Alikuwa na haraka, na mtu anayeuza uongo hana desturi ya kukagua mali.

"Na hizo kuta?" Bibi aliuliza. "Zina maneno gani?"

Hapo ndipo kipaji cha Marashi kilipochanua. Akatembea naye njia nzima akitunga. Nyumba hii ilikuwa ya gavana mwenye jicho moja. Gavana alikuwa mchoyo, alimnyima mpishi wake mshahara kwa kisingizio kwamba supu ina chumvi. Mpishi hakubishana. Kila karamu ilipofanyika, kijiko kimoja cha fedha kilipotea. Karamu ya kwanza kimoja, ya pili kimoja, hadi vikaisha vyote kumi na viwili na gavana akanywa supu kwa kiganja mbele ya wageni wake. Mpishi alikamatwa, akapekuliwa, akachapwa, hakusema. Vijiko havikuonekana hadi leo.

"Rudia hapo kwenye vijiko," alisema Bibi Kizingiti, bado amefumba macho.

Akarudia. Bibi akacheka kile kicheko chake.

*

Jumamosi ya kupima ilikwenda vizuri kiasi cha kumtia Marashi wasiwasi.

Mama Vifungo alionja bia ya sufuria la shaba, akaonja tena, akakaa chini. "Hii," alisema, "ni bia." Akazunguka sufuria akiligusa, akauliza kimea kinalowekwa vipi, moto unakaa muda gani, na Bibi akajibu kila swali bila haraka. Pembeni zilipangwa chupa ambazo Marashi alizibandika lebo mwenyewe asubuhi ile. Alikuwa amehangaika sana kuzikalisha upande. Lebo, ukizitaka zinyooke zinapinda, na ukizitaka zipinde zinanyooka.

Mzee Pima hakuitazama bia. Alikuwa ameshapata ukuta. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mawe, akapeleka na shavu.

"Ni baridi," alisema. "Sikuwahi kusoma mahali popote kwamba ni baridi."

Marashi alimshika mkono akampitisha mji mzima, akimwaga maneno, na mzee alikuwa akiuliza maswali ya mtu aliyesoma.

"Gavana huyo alikuwa wa mwaka gani?"

"Mwaka ule wa njaa, mzee."

"Njaa ipi?"

"Ile kubwa."

Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. Kwenye habari ya supu alicheka hadi akashika mbavu, na kwenye habari ya mpishi kuchapwa alitoa leso. Marashi alijikuta anaongeza viboko, kwa sababu hakuna msanii asiyependa machozi ya kweli.

Na wakati huohuo, nyuma yao, chini ya bomba la moshi, lilikuwa linatendeka kosa ambalo dalali yeyote, awe wa nyumba, wa ng'ombe au wa wachumba, angeliona akazimia. Dalali hulala na kuamka na sheria moja: mnunuzi na muuzaji wasiachwe peke yao hata dakika ya kusalimiana. Akienda msalani, huenda na mmoja wao. Lakini Marashi hakuwa dalali. Alikuwa mwizi, na mwizi hana bidhaa ya kulinda. Haikumjia hata kidogo kwamba safari hii kulikuwa na bidhaa. Akamwacha Mama Vifungo na Bibi Kizingiti wamekaa kwenye benchi moja, na kikombe kimoja kinapita kati yao.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Mama Vifungo, "huyu kijana wenu ananukia vizuri."

"Ananukia sana," alisema Mama Vifungo.

"Mnamlipa nini?"

Mama Vifungo alimwambia. Bibi alipiga mluzi mdogo, akajaza kikombe.

Kwenye basi la kurudi, Mama Vifungo alitangaza kwamba safari imewakaa, begani na kiunoni. Jumamosi ijayo asubuhi Marashi aje kiwandani, watu wote watakuwepo, kopo atakabidhiwa mbele ya mashahidi. Mzee Pima alimshika mkono muda mrefu, na Marashi alilazimika kuilegeza tai tena.

*

Jumamosi ijayo alijipulizia marashi mara mbili. Alikuwa amekwisha kupanga: kopo mkononi, "ngojeni niite basi," kona ya kwanza, kona ya pili, kwaheri ya kuonana. Alifika akipiga mluzi.

Kiwanda kilikuwa na kufuli.

Aligonga, akachungulia. Cherehani zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Muuza matunda wa mlango wa pili alimtazama akipasua tikiti.

"Unawatafuta mafundi? Wameondoka alfajiri na basi la kukodi. Wamejaa hadi kwenye ngazi, wanaimba. Wanasema Jumamosi bia, Jumapili historia. Ni jambo zuri, sijui nani aliwatungia."

Marashi alisimama pale hadi harufu yake ikaanza kumchosha mwenyewe. Kisha akatia mikono mifukoni, akakusanya kila kilichopigiana kelele humo, akakimbilia kituoni. Watu hawa walikuwa wameiba uongo wake! Aliona uchungu wa haki kabisa, wala msidhani natania. Amelala njaa katika kazi hii, amepigwa, amekimbia mvua, na mara moja aliyotunga kitu kizuri, wametokea watu waaminifu wakamnyang'anya.

Alipofika, kamba ilikuwa imefungwa katikati ya barabara, na mwanamke mmoja wa palepale amekaa kando yake.

"Kiingilio," alisema.

"Dada, mimi ndiye niliyeuanzisha mji huu!"

"Na wewe? Wewe ni wa ngapi tangu asubuhi kusema hivyo? Kiingilio."

Akalipa.

Chini ya bomba la moshi palikuwa na raha tupu. Benchi zimepangwa, mafundi wamevua viatu, mtu anapiga ngoma kwenye pipa tupu. Kuta zimefagiliwa, madirisha yamekatwa majani, na watu wa vizingiti wamesimama, jambo ambalo peke yake lilikuwa la kihistoria. Mama Vifungo alimwona Marashi kwa mbali akampungia mkono kwa furaha isiyo na doa.

"Marashi! Karibu. Umelipa pale kwenye kamba?"

"Mama, tulikubaliana. Safari iliwakaa!"

"Ilitukaa sana, baba," alisema Mama Vifungo. "Ila ilikuwa na kipande cha kitambaa kimezidi. Tumekipunguza."

Benchi zima likapasuka kicheko. Marashi alimgeukia Mzee Pima, aliyekaa na mgongo ukutani kama mtu na rafiki yake.

"Mzee, hata wewe?"

"Mwanangu," alisema mzee, "nimesoma kila kitabu kilichonifikia na sijamkuta gavana wa jicho moja. Siku ileile nilijua. Lakini ukuta sikuusoma, niliushika. Hapo hukunidanganya, ingawa nadhani ulikuwa hujui." Akapiga kiganja kwenye mawe kando yake. "Kaa. Nina furaha leo. Kaa unywe."

Marashi hakukaa. Njia ya mwongo ni fupi, na alitaka apate japo nauli ya kurudia. Akamfuata Bibi Kizingiti hadi nyuma ya nyumba.

"Bibi, fungu langu."

"Fungu lako lipo, mjukuu wangu. Ila kwanza nijibu." Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Ile habari ya vijiko, alikwambia nani?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeitunga."

"Umeitungia wapi?"

"Kichwani, Bibi. Nilianza kuifikiria zile siku nilipolala kwenye kile chumba chako cha..."

Bibi alimshika mkono kwa nguvu. "Ulilala humo. Usiku."

"Si wewe uliyenipa?"

"Basi hukuitunga." Bibi aliketi juu ya ndoo kama aliyeishiwa nguvu. "Mama yangu alisema hivyohivyo. Anayelala chumba cha mpishi, huamka na maneno mdomoni asiyojua yametoka wapi. Ulipotaja kumi na viwili nilitaka kupiga kelele. Idadi ile, mjukuu wangu, sisi wenyeji hatuitaji mbele ya wageni."

Marashi alicheka. Aliijua lugha hii. Ilikuwa lugha yake, aliinywa na maziwa. Alicheka tena, mara hii kwa ufupi. Kwa sababu ni kweli, ile idadi ilitoka wapi? Kwa nini kumi na viwili, isiwe kumi? Kwa nini vijiko, isiwe visu?

"Bibi, usinipige changa la macho."

"Sikuuzii kitu," alisema Bibi, akainuka akijipangusa. "Wala siwezi. Yule mzee wenu wa macho ameshakiulizia chumba. Yuko makini sana, asubuhi yote anakipima."

Marashi alichungulia dirishani mwa chumba kile. Mzee Pima alikuwa ametoka pale ukutani, amepiga magoti katikati ya sakafu ya udongo, futi imenyooshwa, uso karibu na ardhi. Alikuwa anapima chumba kwa sababu hakuwahi kuona chumba cha zamani namna ile, na alitaka kuondoka na vipimo vyake. Hilo sisi tunalijua. Marashi aliona mzee mwerevu, aliyemcheka mbele za watu na kujifanya hamwamini gavana, sasa yupo peke yake anatafuta vijiko.

Kuna wakati mtu anaijua mitego yote ya dunia, na bado mguu unaingia, kwa kuwa mtego umewekwa pale anapojipenda mwenyewe. Hadithi ilikuwa yake. Kama ina fedha ndani, fedha ile ilikuwa yake.

Walijadiliana kwa kunong'ona. Fungu lake likaingia kwenye bei. Halikutosha. Saa ya mkononi ikaingia. Likaingia koti, vikafuata viatu vinavyong'aa, na mwishoni kabisa kichupa cha marashi, ambacho Bibi alikinusa akakitia kifuani. Kwa hayo yote alipewa haki ya kuchimba hadi Jumapili jua likizama, na jembe la kuazima.

"Ukikosa, usinilaumu," alisema Bibi. "Mimi nilikukatalia."

"Nina mashahidi kwamba ulinikatalia," alisema Marashi kwa hasira, akiwa tayari ameshika mpini.

*

Jumapili ilikuwa siku ya historia. Baada ya chai Bibi Kizingiti aliwaongoza mafundi mtaa kwa mtaa, kijiti mkononi, na lazima tukiri kwamba hadithi ilikuwa imenona kuliko ilivyoondoka mdomoni mwa mwenyewe. Gavana alikuwa amepata mke, mke amepata wivu, na supu imekuwa na sumu kidogo. Mafundi walifuata midomo wazi, wapenzi wa bia mbele kabisa.

Kituo cha mwisho kilikuwa chumba chenye dirisha pana.

"Na hapa, wageni wangu," alisema Bibi, akisimama kando ili wote waone, "ndipo alipolala mpishi. Kama mnavyojionea, utafutaji haujakoma."

Ndani, kwenye shimo lililomfika kiunoni, Marashi alikuwa anachimba. Miguu mitupu, shati limelowa, tai bado shingoni. Hakunukia chochote isipokuwa kazi.

"Ni nani huyo?" aliuliza fundi mmoja wa nyuma, ambaye hakumtambua.

"Wa wakati huu," alisema Bibi. "Kila kizazi hakikosi mmoja."

Mafundi walitazamana. Mama Vifungo alifungua mdomo kusema neno la huruma, maana alikuwa na moyo, akaona jinsi jembe lilivyokuwa linapanda na kushuka kwa imani, akafunga mdomo. Hapo jembe likagonga chuma.

Marashi alitupa mpini, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Kilitoka kijiko. Kilikuwa cheusi, kimepinda, cha jikoni, cha aina ambayo mtu hukitupa bila kukifikiria mara mbili. Alikisugua kwenye shati, akakisugua tena. Akakigeuzia mwanga wa dirishani na akaliona lile genge lote la nyuso zinazomtazama, na upesi akakificha mfukoni, wasije wakadai.

"Kimoja hicho," alisema Bibi Kizingiti. "Bado kumi na moja."

Marashi akaokota jembe.

Barabarani basi lilipiga honi. Watu walianza kuondoka wakibeba kreti zao, lakini Mzee Pima alibaki dirishani, ameegemeza viwiko, amesogeza uso hadi pua inakaribia kuingia ndani, macho yake yenye ukungu yamefunguka yote.

"Mzee, twende, basi litatuacha," Mama Vifungo aliita.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema Mzee Pima. "Maisha yangu yote nimeisoma historia. Leo ndiyo kwanza naiona ikichimbwa."